Ofa yetu ya kurasa 212: nimeisoma tena



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua vitabu, sinema, na hotuba za wakubwa wa inchi. Leo nachambua kitabu ambacho hamkukisoma na hamtakisoma, juu kilichapwa nakala nne tu. Kina kurasa 212, jalada la plastiki na spirali ya bluu. Mimi ni mmoja wa waandishi wake. Ni ofa ya kiufundi ambayo kampuni yetu ndogo ya hapa Lubumbashi ilipeleka mwaka 2021, pamoja na kampuni moja ya Kinshasa iliyokuwa kiongozi wa muungano, ili kushindania soko la serikali: mfumo wa kompyuta wa kufuata mapato katika majimbo yote, vyombo vyake, na mafunzo ya watumishi. Franga zilikuwa za mkopo wa benki ya kimataifa. Soko la mamilioni ya dolari. Tulishindwa.

Sikuwa na mpango wa kuifungua tena. Lakini mwezi uliopita mdogo mmoja finalisti aliniandikia: «Mukubwa, tuko tunatafuta modeli ya ofa. Utupatie ile yenu, tutabadilisha majina tu.» Nikaifungua ili nimtumie. Nikasema ngoja nisome kidogo kwanza. Nilipofika ukurasa wa 54 nikaifunga, na sikuituma.

Nianze na mwanzo. Kurasa 31 za kwanza hazijibu swali lolote. Kuna barua ya shukrani, historia ya kampuni mbili, picha ya biro yetu (tulisogeza meza ili ionekane kubwa), halafu kurasa kumi na moja juu ya «enzi mpya ya digitali». Kurasa hizo kumi na moja, karibu nusu yake tulizitoa katika mpango wa taifa wa digitali, ule wa mwaka 2019 unaoitwa Horizon 2025. Tulichukua aya nzima nzima. Sasa fikirini mtu wa kamati ya kupima ofa, amekaa na madaftari sita mazito mbele yake, anasoma maneno ya serikali yake yanarudishwa kwake kama zawadi. Hapo hana fasi ya kuweka alama. Gridi ya alama ilikuwa ndani ya DAO, ile dosie ya masharti ambayo tuliinunua na kuibeba kama Biblia, na hakuna mstari hata mmoja uliosema: «kusifu digitali, alama 5».

Wakati ule niliona kurasa hizo ni nzuri sana. Njo mimi niliziandika. Niliziandika kama tulivyofundishwa kuandika kazi ya mwisho wa masomo: utangulizi wa jumla, hali ya dunia, hali ya Afrika, hali ya Kongo, na kama bado kuna karatasi, tatizo lenyewe. Shefu wa kazi alikuwa anapima uzito wa kitabu kwa mkono. Tukafikiri serikali nayo inapima kwa mkono.

Ukurasa wa 54. Hapa natamani kujificha. Tunaeleza jinsi tutakavyofunga mfumo «katika majimbo 11 ya inchi». Kumi na moja! Majimbo yamekuwa 26 tangu 2015. DAO inasema 26 kwenye kila ukurasa. Sisi ni watu wa Katanga, Katanga yenyewe iligawanywa mbele ya macho yetu ikawa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na sisi njo tunaandika 11. Ilifikaje pale? Ni kopi-kole. Sehemu ile ilitoka katika kazi ya mwenzetu mmoja aliyoitetea kabla ya 2015, ikapita katika ofa moja ndogo ya 2017, ikaingia katika yetu. Watu wanne tuliisoma kabla ya kufunga bahasha. Hakuna aliyeona, juu hakuna aliyesoma kama mgeni. Kila mmoja alisoma sehemu yake ili kuona kama picha hazikusogea.

Mpimaji akiona 11 hasemi tu «wamekosea hesabu». Anajua kwamba maandiko haya hayakuandikwa kwa ajili yake. Na kuanzia hapo anasoma kila kitu kwa shaka, hata zile kurasa ambazo tulitoka jasho kweli.

Lakini kasoro kubwa zaidi iko katika jedwali la masharti, kurasa 60 hadi 89. Nataka nikae hapo.

DAO ilikuwa na masharti 143 ya kiufundi. Kwa kila sharti kulikuwa na safu mbili: moja ya kusema kama ofa inafuata sharti, nyingine ya kueleza jinsi gani. Sisi tuliandika «Konforme» mara 143. Safu ya pili tuliandika «Tazama maelezo ya mfumo», bila ukurasa. Tulikuwa na furaha: mia arobaini na tatu juu ya mia arobaini na tatu!

Sasa sikilizeni sharti la 87. Lilisema hivi, kwa maneno yangu: biro ya jimbo iweze kuendelea kupokea na kuandika malipo hata kama koneksio imekatika kwa saa 72, na koneksio ikirudi, data ziende Kinshasa bila kupotea na bila kuandikwa mara mbili. Jibu letu: Konforme.

Wapendwa, ni nani duniani anajua sharti la 87 kuliko sisi? Mtu wa Kamina, wa Kalemie, wa Kolwezi. Delestaji ya SNEL njo saa yetu ya ukutani. Ndani ya timu yetu alikuwemo mwenzetu aliyefanya miaka miwili katika biro moja ya kukusanya kodi, mbali na hapa, ambaye alituelezea jioni moja, tukiwa tunakula, jinsi walivyokuwa wanafanya: umeme ukikatika wanaandika katika daftari, umeme ukirudi usiku mtumishi mmoja anabaki kuingiza kila kitu, na kesho yake risiti mbili zinaonekana na namba moja. Alituambia hata sababu: mashine mbili za biro moja zinajipa namba bila kuulizana. Suluhisho lake ni la kawaida kwa mtu wa kazi hii. Unaipa kila mashine fungu lake la namba mapema, risiti inabeba alama ya mashine iliyoitoa, data zinangoja kwenye foleni ndani ya mashine, na serveri ya Kinshasa inakataa namba ambayo imeshaiona. Unaongeza betri ya saa fulani, paneli ya jua, na karatasi ya utaratibu inayomwambia mtumishi afanye nini saa ya kwanza, saa ya sita, siku ya tatu. Ni ukurasa mmoja na nusu, na mchoro mmoja.

Tulijua yote hayo, tuliyasema mbele ya sahani ya bukari na samaki. Katika ofa haimo hata sentensi moja. Fasi ya ukurasa ule mmoja na nusu, tuliweka picha ya meza.

Hapa ndipo naona ubaya wa elimu yetu, na nasema elimu yetu maana na mimi nimeifundisha kidogo, kama asistenti. Tulichoishi wenyewe tunakiona si cha kuandikwa. Tunafikiri maandiko ya heshima ni yale yanayotoka mbali. Maneno makubwa kama «mfumo thabiti, salama, wa kisasa» tunaweza kuyaandika kurasa ishirini. Jambo la namba mbili za risiti huko jimboni tunaliona dogo, la watu wa chini, kumbe ndilo serikali ilikuwa inanunua.

Nilisema alama zilikuwa kwenye gridi. Tulipata 61 juu ya 100, na chini ya 70 unatolewa. Hayo nayajua juu tuliomba maelezo. Katika masoko yanayolipwa na benki zile, mwenye kushindwa ana haki ya kuuliza kwa nini, mradi aulize mbio, katika siku chache za kazi baada ya kupokea barua. Hawakuambii siri za ofa ya mwingine, wanakuambia yako tu. Barua yetu ilikuwa ya kurasa mbili. Ilisema njia ya kazi ni ya jumla, majibu ya masharti hayana ushahidi, na kuna «kutopatana katika habari za wafanyakazi wakuu».

Mstari huo wa mwisho ni wangu.

DAO ilitaka msimamizi wa data mwenye uzoefu wa miaka 7. Mimi nilikuwa na mitatu. Kiongozi wa muungano aliniambia kwa simu: «Ongeza, wote banaongezaka.» Nikaongeza. Kazi niliyofanya nikiwa bado mwanafunzi, ya kuandika orodha ya wagonjwa katika Excel, ikawa «mradi wa kitaifa wa data za afya». Ukurasa wa 97 unasema miaka 7. Ukurasa wa 188, katika viambatanisho, kuna kopi ya diploma yangu iliyotiwa muhuri kwa notere: 2018. Ofa ni ya 2021. Nilijishitaki mwenyewe, na mhuri juu yake.

Wengine watacheka, na mimi nimecheka. Lakini kwa sheria za benki zile, kudanganya katika CV kunaitwa udanganyifu kama mwingine, na kampuni inaweza kufungiwa miaka isishindanie tena. Tulikuwa watu watano tunakula katika kampuni ile. Niliweka chakula cha watu watano juu ya miaka minne ambayo sikuiishi. Na iko njia safi, inaandikwa wazi: unamtafuta mwenye miaka 7 kweli, unamweka juu, wewe unakuwa naibu wake. Tulimjua mmoja hapa mjini. Hatukumuita juu angetaka mshahara.

Juu ya bei nitasema kidogo, maana bahasha yetu ya bei ilirudi bila kufunguliwa. Lakini usiku tatu za mwisho tulizitumia zote kwa bei. Tulikata mafuta ya jenereta, tukakata safari za mafunzo, tukakata koneksio ya satelaiti ya mwaka wa tatu hadi wa tano, ili tuwe wa bei ya chini. Hatukufungua fasi ya DAO inayoeleza hesabu. Ufundi ulikuwa na uzito wa 70, bei 30. Chukueni mfano: kampuni moja ina alama 90 za ufundi na bei ya milioni 4, nyingine ina 72 na bei ya milioni 3. Mwenye bei ya chini anapata 100 za bei, yule mwingine anapata 3 kugawanya kwa 4, yaani 75. Wa kwanza: 63 na 22.5, jumla 85.5. Wa pili: 50.4 na 30, jumla 80.4. Amepunguza milioni nzima na bado amepoteza. Kama uzito ungekuwa 50 kwa 50, wa pili angeshinda, 86 kwa 82.5. Kwa hiyo mstari ule mmoja wa uzito unakuambia usiku zako tatu uzitumie wapi, na uko karibu na mwanzo wa dosie. Sisi tulikuwa tumeanzia mwisho, kwenye fomu za bei, juu fomu zinajazwa na zinatupatia raha ya kufanya kazi.

Tena kulikuwa na muda wa kuuliza maswali kwa maandishi. Maswali ya kampuni zote yanajibiwa na majibu yanatumwa kwa wote, bila jina la aliyeuliza. Sisi hatukuuliza hata moja. Tuliogopa kuonekana wajinga. Majibu yalipofika, kurasa nyingi, tuliyaweka katika faili. Mojawapo lilibadilisha fomu ya wafanyakazi. Tukapeleka fomu ya zamani.

Najua mutaniambia nini. «Mukubwa, achana na hizo. Masoko ya inchi hii yanajulikana nani atakula mbele hata DAO haijatoka.» Siwezi kuwaita waongo. Sheria ya 2010 juu ya masoko ya serikali inasema ushindani ndio kawaida, na kumpa mtu mmoja mkononi ni kwa nadra. Lakini tuliiona pasipoti ya Semlex, mkataba wa 2015: mwananchi alilipa dolari 185, na mwaka 2017 Reuters ilionyesha kwamba serikali ilibaki na 65 tu, na 60 zilikuwa zinaenda kwa kampuni moja ya Falme za Kiarabu. Tuliona mkataba wa kitambulisho na Idemia na Afritech, uliotajwa kuwa wa dolari zaidi ya miliari moja, ukivunjwa 2024 na sisi bado tunatembea na kadi ya uchaguzi. Hasira hiyo ni ya haki. Na DAO zenyewe zina ukuta: zinadai mauzo ya mamilioni kwa mwaka na mikataba miwili inayofanana katika miaka mitano iliyopita. Kampuni ya vijana watano wataipata wapi? Wanaingia kama mkia wa mwingine. Sheria ya 2017 ya sutretansi inataka kazi za chini zipewe kampuni za Wakongomani, sawa, ila mara nyingi tunaitwa juu ya karatasi zetu: attestation ya kodi, RCCM, anwani ya jimbo. Jina letu linaingia, akili yetu inabaki inje. Katika muungano wetu tuliachiwa kuchapa na kufunga spirali, na hatukugomba.

Lakini ofa ninayoichambua haikufika mahali pa kuibiwa. Ilianguka yenyewe, kwa alama 9.

Sasa jambo ambalo limenizuia kuandika haya kwa muda mrefu. Benki ilitaka amana ili itoe garanti ya ofa, na sisi hatukuwa na kitu. Mkubwa wetu katika kampuni, tunamuita Yaya, ndiye yule aliyefanya kazi katika biro ya kodi, aliuza kiwanja chake cha upande wa Kasapa. Amana ilirudi, ndiyo, garanti ya mwenye kushindwa inarudishwa. Ilirudi baada ya miezi minane. Bei ya viwanja wakati huo ilikuwa imepanda, na tiketi za ndege za kupeleka bahasha Kinshasa, notere, uchapaji, vyote vilikuwa vimekatwa humo. Hakununua kiwanja tena. Mpaka leo anapanga.

Siku matokeo yalipofika aliniuliza: «Mudogo, ni nini ilitokea?» Barua ya maelezo ilikuwa kwenye simu yangu, mstari wa wafanyakazi wakuu ukiwa ndani. Nikamjibu: «Yaya, ni politiki tu.» Akatikisa kichwa, akasema anajua inchi yake. Tangu siku ile kila tukikutana na vijana anawaelezea jinsi politiki ilivyotunyima soko, na mimi nakaa pembeni nakunywa chai. Miaka minne.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea barua ile, pamoja na maandiko haya. Nilimwambia kama hataki, siyatoi. Hakunijibu siku nne. Siku ya tano alipiga simu usiku. Hakuzungumza juu ya kiwanja, wala juu ya CV yangu. Alisema ameisoma ofa yote, mara ya kwanza tangu tuliifunga, na ameona ukurasa wa 54 hata mbele ya mimi kumwambia.

«Balituonea huruma,» alisema. «Mimi ningewapa 40.»

Halafu akaniuliza lile sharti la saa 72 lilikuwa namba ngapi. Nikamwambia 87. Akanyamaza kidogo. «Na mlinikalia pale mezani jioni nzima mukinisikiliza,» alisema. «Hakuna hata mmoja alikamata biki.»

Mdogo wangu finalisti, modeli sitakutumia. Mnayo DAO yenu, mniambie sharti gani humo mnalijua kwa kuliishi, na mje nalo Jumamosi. Yaya amesema naye atakuja.